KUTUNDIKA KWA KAMBA
Namna ya kutundika mizigo na kuvusha watu mitoni, na sababu za kila jambo

Walimaji wote wanajua kamba. Kwa kamba tunafunga mbuzi, tunafunga mizigo ya kuni, tunaezeka nyumba, tunapanda mchikichi kukata ngazi. Kwa sababu hiyo watu wengi wanasema: « Mambo ya kamba tunayajua tangu utoto, hakuna la kujifunza tena. »

Ni kweli kwamba kufunga mmejifunza. Lakini kutundika si kufunga. Mzigo uliofungwa chini, kamba ikikatika, unamwagika tu, mnauokota. Mzigo uliotundikwa juu, kamba ikikatika, unaanguka juu ya mtu. Na kama kinachotundikwa ni mtu mwenyewe, anayevuka mto na kitunga cha mpunga kichwani, basi kamba ikikatika hakuna tena cha kuokota.

Kwa hiyo katika kitabu hiki hatutasema tu « Fanya hivi, fanya vile. » Tutaeleza pia kwa nini. Anayejua namna peke yake ataweza kazi moja. Anayejua sababu ataweza kazi zote, na siku atakapoona kitu kibaya atakataa kupita juu yake.

I. KAMBA INATOKA WAPI

Kamba za mimea zinatoka katika nyuzi za majani au za maganda. Mkonge (sizali) unatoa nyuzi katika majani yake: tunayakwangua mpaka nyama ya jani itoke, nyuzi zibaki, tunaziosha, tunazianika. Punga, ambayo wakati wa Wabelgiji ililimwa sana katika Kongo kwa kushona magunia, inatoa nyuzi katika ganda la shina: tunaloweka mashina majini siku nyingi mpaka ganda lioze na nyuzi ziachane. Kamba ya manila, iliyosifiwa sana na mabaharia, inatoka Ufilipino, katika mmea ulio ndugu wa mgomba. Na katika misitu yetu mikubwa zipo kekele, ambazo watu wa pwani wanaziita henzerani. Hizo hazisokotwi: zinatumika nzima au zimepasuliwa.

Uzi mmoja wa mkonge ni mfupi, haufiki urefu wa mtu. Basi, namna gani kamba ya metre hamsini inashika? Sababu ni kusokota. Nyuzi nyembamba zinasokotwa upande mmoja, zinakuwa uzi mkubwa. Kisha nyuzi kubwa tatu zinasokotwa pamoja kwa upande wa kinyume. Huu unataka kufunguka kuume, ule unataka kufunguka kushoto, basi zinazuiana. Na kamba ikivutwa, nyuzi zinabanana, zinasuguana, hakuna unaoweza kuteleza. Mnaona: nguvu ya kamba si nguvu ya uzi mmoja. Ni nguvu ya nyuzi nyingi zinazoshikana.

Siku hizi ziko pia kamba za viwanda: nailoni na nyinginezo zinazofanana na plastiki. Haziozi kwa maji kama mkonge, lakini zina adui zao. Jua linazila polepole, na zile za rahisi zinazouzwa sokoni kwa rangi ya buluu au ya kijani zinaliwa upesi zaidi: mkizikunja mnaona zinatoa unga. Zikisuguana kwa nguvu zinapata moto na kuyeyuka. Nailoni inanyoka sana: inafaa pale panapotokea mshtuko, lakini haifai kwa daraja, kwa sababu mtu anashuka na kupanda kama juu ya kitanda cha springi.

II. KAMBA INABEBA KILO NGAPI

Watu wengi wanajaribu kamba namna hii: wanaivuta mara moja, isipokatika wanasema « Ni nzuri. » Hilo ni kosa kubwa. Kamba iliyobeba mzigo leo kwa shida imeumia ndani, nyuzi zake nyingine zimekatika, nanyi hamzioni. Itakatika kesho kwa mzigo mdogo.

Shikeni kipimo hiki cha kamba mpya nzuri ya mkonge, yenye nyuzi kubwa tatu. Pimeni unene wake kwa milimetre, yaani toka upande mmoja kwenda wa pili. Zidisheni hesabu hiyo kwa yenyewe. Jibu ni kilo mnazoweza kutundika bila hofu.

Kamba ya mm 10: 10 mara 10, ni kilo 100.
Kamba ya mm 12: 12 mara 12, ni kilo 144.
Kamba ya mm 20: 20 mara 20, ni kilo 400.
Kamba ya mm 24: 24 mara 24, ni kilo 576.

Je, kamba ya mm 20 itakatika kwa kilo 401? Hapana. Ikiwa mpya itakatika karibu na kilo 2000 au zaidi. Basi kwa nini tunaipa 400 tu, yaani sehemu moja ya tano? Kwa sababu fundo litaipunguza nguvu, maji yataipunguza, siku zitaipunguza, na mzigo ukishtuka unavuta kuliko uzito wake. Zile sehemu nne tunazoziacha si mali iliyopotea. Ni akiba ya siku mbaya.

Na kama kamba itabeba mtu, gaweni jibu kwa mbili tena. Kamba ya mm 20 ibebe kilo 200 tu, ya mm 24 ibebe kilo 288. Gunia likianguka tunalima tena mwaka ujao. Mtu harudi.

Tena, mkikuta kamba nzee, msiipe kipimo hiki. Fungueni nyuzi zake kidogo kwa mkono, mtazame ndani. Nje inaweza kuwa chafu na ndani nyeupe: hiyo ni nzima. Lakini ndani ikiwa nyeusi, yenye unga, au ikinuka uvundo, imeoza. Ikateni vipande, mfungie mbuzi.

III. MAFUNDO

Kila fundo linapunguza nguvu ya kamba. Sababu yake ni hii: mahali kamba inapopinda sana, nyuzi za nje zinavutwa mno, na nyuzi za ndani zinabanwa bila kubeba kitu. Basi nusu ya nyuzi zinafanya kazi ya zote. Fundo la kawaida, lile la kila mtu, linaondoa karibu nusu ya nguvu. Jueni mafundo machache mazuri, kuliko mengi mabaya.

1. Kitanzi kisichokaza. Ni kitanzi kinachobaki na upana wake hata mzigo ukivuta, na baada ya kazi kinafunguka kwa vidole. Fanyeni duara dogo katika kamba, ncha ilale juu ya kamba kubwa. Ncha iingie katika duara toka chini kuja juu, ipite nyuma ya kamba kubwa, irudi kuingia katika duara lile lile toka juu kwenda chini. Kazeni vizuri, mwache mkia wa urefu wa mkono. Kama mtu amepatwa na ajali shimoni au mtoni, mfungeni kwa kitanzi hiki chini ya makwapa. Msitumie kamwe kitanzi kinachojikaza: kitambana mbavu na kumzuia pumzi.

2. Kuzungusha mtini. Hii ndiyo njia bora ya kushikiza kamba kubwa. Zungusheni kamba mara nne kwenye mti, mizunguko ilale kando kwa kando, isipandane. Kisha fungeni ncha kwa vitanzi viwili vidogo. Kila mzunguko unasugua ganda la mti na kupunguza mvuto, mpaka kwenye ncha unabaki mvuto mdogo sana. Fundo halifanyi kazi, mti wenyewe ndio unaofanya. Na kwa kuwa kamba haikupinda kwa ukali, inabaki na nguvu yake karibu yote. Lakini mti uwe mnene, unene wake uwe mara nane ya kamba au zaidi. Kwa kamba ya mm 24, mti usiwe chini ya santimetre 20.

3. Kuunga kwa kusukia. Mkitaka kuunga kamba mbili ziwe moja, msifunge fundo. Fungueni nyuzi kubwa tatu za kila ncha, zikutanisheni, kila uzi upite juu ya uzi mmoja wa kamba ya pili na chini ya ule unaofuata, mara tatu au nne kila upande. Kazi hii ni ndefu, lakini kamba iliyoungwa hivyo inapoteza nguvu kidogo tu.

IV. PEMBE: SIRI KUBWA YA KUTUNDIKA

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linaloua watu. Msisome tu. Jaribuni wenyewe.

Chukueni ndoo yenye litre 10 za maji. Ishikizeni katikati ya kamba ya metre 4. Watu wawili washike ncha za kamba, wasimame karibu sana, ndoo ining'inie kati yao. Kila mmoja anasikia uzito wa kilo 5 hivi. Kazi ni nyepesi, watacheka. Sasa kila mmoja arudi nyuma hatua moja. Kisha hatua nyingine. Kadiri wanavyoachana, mikono inavutwa zaidi. Waambieni sasa wanyoshe kamba mpaka iwe sawa kabisa kama fimbo. Hawataweza. Ongezeni watu wawili kila upande: hawataweza. Ongezeni kumi: kamba itakatika mbele ya kunyoka.

Kwa nini? Ndoo inavuta chini. Kitu kinachovuta chini kinataka kitu kinachovuta juu. Kamba inayosimama inavuta juu kwa nguvu zake zote. Lakini kamba iliyolala inavuta pembeni: nguvu zake karibu zote zinakwenda kushindana na mwenzake wa upande wa pili, na sehemu ndogo tu inabaki kwa kuinua ndoo. Basi ili sehemu hiyo ndogo itoshe, mvuto wote lazima uwe mkubwa sana.

Hii ndiyo hesabu ya mzigo wa kilo 100 unaobebwa na kamba mbili:

Kamba zikisimama pamoja, kila moja inavutwa kilo 50.
Pembe kati yake ikiwa digri 60, kila moja kilo 58.
Digri 90 (kama pembe ya mlango), kila moja kilo 71.
Digri 120, kila moja kilo 100.
Digri 150, kila moja kilo 193.
Digri 170, kila moja kilo 574.

Tazameni vizuri. Katika digri 120 kila kamba inabeba kama vile ingekuwa peke yake: ile ya pili haisaidii kitu. Kupita hapo, kamba mbili ni mbaya kuliko moja. Basi shikeni amri hii: mkitundika gunia, pipa la mawese au mashine kwa kamba mbili, pembe kati yake isipite digri 90. Ikipita, refusheni kamba.

V. KAPI

Kapi, ambalo wengine wanaliita puli, ni gurudumu dogo lenye mfereji. Kapi moja lililofungwa juu kwenye boriti halipunguzi uzito. Linageuza njia tu: badala ya kuvuta juu, mnavuta chini, na hiyo ni rahisi kwa mwili. Lakini mfikiri juu ya boriti. Mzigo wa kilo 50 unavuta chini upande mmoja. Nanyi mnavuta chini upande wa pili kwa kilo 50. Boriti inabeba ngapi? Inabeba 100, si 50. Watu wengi wamevunja boriti za ghala kwa kutojua jambo hili.

Kapi lililofungwa kwenye mzigo wenyewe ni jambo jingine. Ncha moja ya kamba imefungwa juu, kamba inashuka, inazunguka kapi, inapanda mikononi mwenu. Sasa kamba mbili zinabeba mzigo, kila moja nusu. Mnavuta kilo 25 na zaidi kidogo, kwa sababu gurudumu linasugua. Lakini mzigo ukipanda metre moja, lazima mvute kamba metre mbili. Kapi halitoi nguvu ya bure. Linabadilisha tu nguvu kwa urefu.

VI. MAHALI PA KUSHIKIZA

Kamba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mahali inaposhikwa.

Mti ulio hai, mnene, wenye mizizi mirefu, ni mzuri. Fungeni chini karibu na ardhi, kwa sababu ukifungwa juu mti unavutwa kama mpini wa jembe na mizizi inang'oka. Fungieni kwanza gunia kuzunguka ganda: linachunga mti na linachunga kamba. Msiutumie mti ulio ukingoni kabisa mwa mto, ambao maji yanakula udongo wake.

Pasipo na mti, zikeni gogo. Tafuteni gogo la mti mgumu usioliwa na mchwa, urefu metre 2, unene santimetre 25 au 30. Chimbeni shimo refu lililokingama, kina chake metre moja na nusu, ukuta wake wa upande wa mto uwe umesimama sawa na udongo wake usiguswe. Lazeni gogo humo, lisimame juu ya ukuta huo. Fungeni kamba katikati ya gogo. Kisha chimbeni mfereji mwembamba unaopanda polepole kuelekea mto, kamba ipite humo. Fukieni, mshindilie udongo kila santimetre 20. Sababu: kamba ikivuta, gogo linasukuma ukuta wote wa udongo mbele yake. Ili litoke lazima lisukume udongo wote ule. Lakini kamba ikipanda wima bila mfereji, gogo litainuliwa kama mhogo unavyong'olewa.

Chini ya ardhi kamba ya mkonge inaoza bila kuonekana. Kwa hiyo sehemu inayozikwa iwe mnyororo au waya mnene, na kamba ianzie juu, mahali macho yanapoona.

VII. DARAJA LA KAMBA TATU

Daraja hili ni la watu wanaokwenda kwa miguu. Lina kamba moja ya kukanyaga na kamba mbili za kushika, moja kuume, moja kushoto. Kamba ndogo zinaziunganisha kwa umbo la herufi V.

Mahali. Chagueni sehemu nyembamba ya mto, iliyonyoka, yenye kingo ngumu. Mje wakati wa kiangazi kupima, lakini muulize wazee maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa. Tazameni pia miti: takataka zilizonaswa katika matawi zinasema kweli kuliko watu. Daraja, hata mahali linaposhuka zaidi, lipite maji hayo kwa metre moja na nusu au zaidi. Kama kingo ni fupi, simamisheni kila upande miti miwili iliyofungwa kwa msalaba, kamba zipite juu yake kwanza, kisha ziende kwenye shikizo.

Tumbo la daraja. Hapa ndipo ile siri ya pembe inaporudi. Kila mtu anapenda daraja lililonyoka. Lakini fanyeni hesabu. Mto una metre 20. Mtu na mzigo wake ni kilo 100, amesimama katikati.

Tumbo likishuka metre 2, kamba inavutwa kilo 255.
Likishuka metre 1, inavutwa kilo 500.
Likishuka nusu metre, inavutwa kilo 1000.

Mtu ni yule yule, mzigo ni ule ule, kamba ni ile ile. Kilichobadilika ni kiburi cha aliyetaka daraja zuri la macho. Kwa hiyo amri ni hii: daraja la kamba liwe na tumbo la sehemu moja ya kumi ya upana wake. Kwa metre 20, tumbo la metre 2, lililopimwa mtu akiwa amesimama katikati.

Sasa tuchague kamba. Mvuto ni kilo 255. Uzito wa kamba zenyewe unaongeza karibu kilo 25. Jumla 280. Kamba ya mm 24 tumeipa 288 kwa kubeba mtu. Inatosha, lakini kwa mtu mmoja tu. Watu wawili wakisimama pamoja katikati, mvuto unapita kilo 530, nayo akiba inaanza kuliwa. Basi andikeni ubao kila upande: MTU MMOJA MMOJA. Na siku ya soko mweke mtu wa kuchunga.

Mfikiri kijiji ambacho hawakufanya hesabu hii. Wanaita vijana ishirini, wanavuta kamba mpaka inalia. Wote wanapiga makofi: daraja limenyoka kama barabara. Usiku mvua inanyesha. Kamba ya mkonge ikilowa inavimba, na ikivimba inafupika. Ilikuwa imevutwa sana, sasa inajivuta zaidi yenyewe. Asubuhi mama anapita na kitunga cha karanga, mtoto mgongoni. Hakuna aliyekata kamba ile kwa panga. Ilikatwa na wale vijana ishirini, jana yake, wakicheka.

Kujenga. Vusheni kwanza kamba nyembamba kwa mtumbwi, kisha kwa hiyo vuteni kamba kubwa. Shikizeni kamba ya kukanyaga. Kisha shikizeni kamba mbili za mikono, metre moja juu yake, ziachane kadiri ya mikono iliyopanuliwa kidogo. Zipeni tumbo sawasawa na lile la chini, ili mtu awe na mahali pa kushika mwanzo mpaka mwisho. Kisha fungeni kamba ndogo za mm 10 kila nusu metre, toka mkono wa kuume, chini ya kamba ya kukanyaga, mpaka mkono wa kushoto. Msiache nafasi kubwa: ndizo zinazomzuia mtoto asianguke, tena zinagawa uzito wa mtu kwa kamba zote tatu. Kamba nne nyembamba, mbili kila upande, zitoke ubavuni mwa daraja ziende kwenye kingo, moja juu ya mto na moja chini yake, ili upepo usilicheze.

Siku ya kwanza asipite mtu. Tundikeni katikati magunia ya mchanga ya kilo 150, myaache usiku kucha. Asubuhi tazameni mashikizo na mafundo, mpime tumbo tena, kwa sababu kamba mpya inanyoka. Baada ya hayo apite kwanza yule aliyelijenga.

VIII. JAMBO LA KUSHIKWA MARA MBILI

Mkataji wa ngazi anayejua kazi, akifika mahali majani ya zamani yanapomzuia, lazima afungue kamba yake na kuipeleka juu. Wakati huo anashikwa na nini? Na mikono yake tu. Wengi wameanguka hapo. Mwenye akili anachukua kamba ya pili, fupi: anaifunga juu ya kizuizi kwanza, ndipo anafungua ile ya kwanza.

Hii ni sheria ya kutundika popote. Uhai wa mtu usining'inie kwa kitu kimoja. Mti wa kwanza uwe na mti wa pili nyuma yake, umefungwa pia. Kitanzi kiwe na mkia uliofungwa tena. Mjiulize kila mara: « Hiki kikikatika, nini kitanishika? » Kama jibu ni « hakuna », kazi haijaisha.

IX. KULITUNZA

Kule Peru, katika milima mirefu ya Amerika ya Kusini, liko daraja linaloitwa Q'eswachaka, juu ya mto Apurímac. Upana wake ni karibu metre 28, nalo limesokotwa kwa majani ya milimani tu: kamba kubwa nne za kukanyaga na mbili za kushika. Watu wa vijiji vinne wanalijenga upya kila mwaka, mwezi wa sita. Kila nyumba inaleta kamba yake, zinasokotwa kuwa kubwa, la zamani linakatwa na kuachwa liende na maji. Wamefanya hivyo tangu wakati wa wafalme wao wa zamani, Wainka. Mwaka 2013 UNESCO iliandika kazi hiyo katika hesabu ya mali za watu wote.

Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hawakulijenga upya. Mwezi wa tatu wa 2021 daraja likaanguka. Mwezi wa sita wakalijenga tena. Tazameni: daraja lililodumu mamia ya miaka liliweza kukaa bila matunzo chini ya miaka miwili tu. Wale watu hawana kamba isiyooza. Wana desturi isiyooza.

Basi nanyi fanyeni desturi. Kila juma mtu mmoja aliyechaguliwa apite akitazama kila fundo. Baada ya kila mafuriko daraja lifungwe mpaka litazamwe. Kila mwaka, mbele ya mvua, badilisheni kamba zote za mkonge hata kama bado zinaonekana nzima. Gharama yake igawanywe kwa nyumba zote zinazopita hapo, kwa sababu kitu cha wote ambacho hakina siku yake ni kitu cha hakuna.

Msidhani kwamba kazi hii ni ya kizamani. Daraja la Matadi, lililofunguliwa mwaka 1983 juu ya mto Kongo, nalo limetundikwa. Urefu wake ni metre 722, na kati ya nguzo zake mbili kuna metre 520. Kamba zake ni za chuma, mashikizo yake ni mazito kupita nyumba, lakini tazameni umbo lake: zile kamba zina tumbo. Waliolijenga wangeweza kununua chuma chote walichotaka, lakini hawakujaribu kuzinyosha. Hesabu ya ndoo na watu wawili inatawala Matadi kama inavyotawala kijito chenu.

MAMBO YA KUSHIKA MOYONI

1. Unene wa kamba mara yenyewe ni kilo za mzigo. Kwa mtu, nusu yake.
2. Kila fundo linakula nguvu. Zungusheni mtini kuliko kufunga.
3. Pembe ya kamba mbili isipite digri 90.
4. Daraja liwe na tumbo: sehemu moja ya kumi.
5. Gogo lizikwe chini, kamba ionekane juu.
6. Uhai wa mtu ushikwe mara mbili.
7. Kamba isiyotazamwa imekwisha kukatika, inangoja mtu tu.

Msomeeni kitabu hiki mwenzenu asiyejua kusoma. Huenda yeye ndiye atakayefunga kamba mtakayopita juu yake.